Zawadi ya Prezida wa Matumbawe

Rigobert hakuwa na bahari. Hakuwa na mtumbwi, hakujua kuogelea, na maji ya chumvi aliyapata mara moja tu, mama yake alipomsukutulisha kwa ajili ya jino bovu. Hakuwa na ofisi. Hakuwa na mwanachama hata mmoja aliyeweza kueleza kama tumbawe ni mnyama, mti au jiwe, na yeye mwenyewe alibadili jibu kufuatana na muulizaji. Alikuwa na cheo tu: Prezida wa Chama cha Marafiki wa Matumbawe, makao makuu mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, nyuma ya duka la fundi nguo.

Usicheke upesi, chama kilikuwa na maana. Wafanyabiashara wetu wa Lubumbashi wanakwenda Dar es Salaam kufuata mali, na wakisha kununua wanajifungia hotelini kungoja kontena, wakila kuku na kutazama televisheni. Kwenye kijiji kimoja cha pwani ile, wavuvi walikuwa wamefunga sehemu ya mwamba wao wa matumbawe, nyavu zisiingie, samaki wazaliane. Walioacha kuvua pale walihitaji riziki nyingine: wageni wa kulazwa, kulishwa na kutembezwa, bila kukanyaga wala kuchukua kitu. Rigobert aliwapigia simu akawaahidi wafanyabiashara wetu kuwa wageni hao. Wakamtuma mwenyekiti wao, Bi Mwanakombo, aje kwa basi amwone kabla ya kumpa uwakala. Asipoupata, Rigobert angebaki prezida wa bango.

Alikwenda kushauriana na makamu wake, Mama Kahambu, mwenye bohari ya vigae, mzaliwa wa Butembo. Huyu alichaguliwa kuwa makamu kwa sababu viti vya mikutano ni vyake.

"Mugeni iko anakuja," Rigobert akasema, zawadi ikiwa imemkaa kichwani. "Tutamupatia kado gani?"

"Bukari na samaki," Mama Kahambu akajibu, maana kwake ugali ndio heshima.

"Bukari inaisha ku tumbo. Mugeni mukubwa haendake bila jiwe, unajua."

Ni kweli. Kwetu Katanga, askofu akija, waziri akija, kocha wa mpira akija, haondoki bila malakiti: tembo wa malakiti, yai la malakiti, kisahani cha majivu cha malakiti hata kama havuti sigara. Ni jiwe la kijani la ardhi yetu ya shaba. Ukimpa mtu umempa nchi. Basi Rigobert akawaza: watu wa shaba hutoa malakiti, watu wa matumbawe watoe tumbawe. Kamati haikuona tundu katika hoja hiyo. Ilipiga makofi.

Dereva wa Mama Kahambu, Jérémie, alilinunua Dar alikofuata mzigo, akalifunga blanketi katikati ya vigae. Mpakani Kasumbalesa walimuuliza kile ni kitu gani. Akajibu ni jiwe, na Mkatanga hashangai jiwe. Likapelekwa kwa Osée, mchongaji wa malakiti.

"Prezida, jiwe hii iko na matundu sana," Osée akalalamika. "Iko kama mukate. Tembo itakatika mukonga."

Wakapatana achonge samaki. Akamsugua mgongo ukang'aa, akaacha tumbo kama lilivyokuwa.

Siku ya sherehe ya kumpokea mgeni kwaya iliimba, na Rigobert alihutubia mpaka watoto wakasinzia. "Sisi ni walinzi," alisema, "na mlinzi hachoki." Kisha akafunua kitambaa. Bi Mwanakombo alimpokea yule samaki kwa mikono miwili, akamgeuza, akanusa tumbo lake.

"Mzee wangu, hili umelipata wapi?"

"Ni la kwenu, Mama. Tumewarudishia kwa heshima."

Watu wakashangilia. Bi Mwanakombo alingoja wanyamaze.

"Hili lilikuwa hai juzijuzi, bado lanuka. Nyinyi hapa mkichimba jiwe, jiwe halikuwa na watoto. Hili lilianza kukua babu yako hajazaliwa, na samaki wetu walilala humu. Kwetu kuna mtu anavunja mwamba tulioufunga, tunamvizia, hatumpati. Leo nimemwona mteja wake." Akamfunga samaki katika mtandio. "Nitaondoka naye. Waandikieni wazee wangu nani aliagiza, nani aliuza, mahali gani. Barua hiyo itatuambia kama nyinyi ni marafiki au wanunuzi."

Mgeni alipoondoka, Rigobert aliandika haraka, kwa mwandiko mzuri: "Kumetokea kutoelewana kwa kitaalamu." Mama Kahambu akasoma.

"Papa Rigobert, nani aliagiza?"

"Iko mule ndani."

"Siioni."

Akaandika tena: "Jiwe liliagizwa na uongozi."

"Uongozi njo nani?"

"Njo sisi bote."

"Mi nilituma gari, andika jina yangu, sina haya. Lakini kinywa chenye kilisema 'lete' ni yako." Akampigia simu Jérémie kuuliza jina la muuzaji. Jérémie akasita, akasema yule ni rafiki yake. "Rafiki yako atatafuta kazi ingine," akamjibu, na jina likatoka, pamoja na mtaa wa duka.

"Nikiandika vile," Rigobert akasema, "mulinzi wa matumbawe njo ameua tumbawe. Bantu ba Kamalondo batanicheka."

"Banakucheka zamani. Usipoandika, ule mwizi atarudia ku mwamba, na bale bavuvi batakula nini?"

Rigobert akachukua karatasi nyingine. Alianza na aya ndefu ya kujisifu, maana ugonjwa kama ule hauponi kwa barua moja. Chini yake, kwa herufi zilezile nzuri, akaandika: "Mimi, Rigobert, ndiye niliyeagiza tumbawe lile. Sikujua lina uhai, na sikuuliza." Yakafuata majina yote na mtaa, halafu aya nyingine ya kujisifu. Mama Kahambu aliiacha ipite.

Rigobert aliilamba bahasha, akaibana kwa kiganja muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji, kama mtu anayeuzuia mlango kwa ndani. Hawakumpa Jérémie. Waliipeleka wenyewe kwa ajenti wa basi la Dar, na Rigobert akasimama pale mpaka akaiona inatiwa katika mfuko wa barua.