Madaktari Watatu wa Kauli Moja

Wasomi wale! Mniwie radhi, lakini hata leo nikisikia mtu anaitwa daktari wa akili natamani kutema mate.

Mume wangu Masolwa alikamatwa mazishini. Marehemu Mabruki, fundi wa reli hapa Goweko, alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe hadi pwani. Kila mtu anajua kazi ya mtani msibani: husema yale ambayo wafiwa hawawezi kuyasema, na hakuna wa kumkasirikia. Basi Masolwa akaruka kaburini, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo.

"Mabruki, sogea huko!" akapiga kelele. "Anayekufuata ni serikali ya Mwingereza, na shimo lake tutalichimba sisi, maana kuchimba na kubeba ndiyo kazi waliyotupa!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mjane alicheka, machozi yakimtoka.

Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, aliyekuwa akipita na askari wake, hakucheka. Alikuwa akimwinda Masolwa tangu achukue kadi ya TANU. Kwa kadi hakuweza kumfunga. Kwa wazimu wa kulala kaburini aliweza.

Tukapelekwa bomani Tabora, wakaletwa madaktari watatu wa Kizungu. Wakisema ni kichaa, anapandishwa treni akafungiwe na wendawazimu, na kifungo cha huko hakina mwisho. Nami nilikuwa na mimba kubwa.

Nikawaeleza utani. Justus, mkalimani wao, alitafsiri vizuri, sina lawama naye. Mkubwa wao akaitikia kwa kichwa huku akitazama dirishani. Habari za kaburi wakaziacha hapo hapo, wakamgeukia Masolwa na maswali ya siasa. Unataka Wazungu waondoke? Nataka. Nani akutawale? Sisi wenyewe. Kila jibu walitazamana, wakalipa jina la ugonjwa. Ati anamchukia baba yake, ndiyo maana anaichukia serikali! Baba mkwe wangu yuko Urambo, analima, na hakuna wanaopendana kama wale wawili.

Nikashindwa kunyamaza. "Kati yenu yupo hata mmoja anayeona tunaweza kujitawala?"

"Hayupo," akajibu mkubwa wao kwa fahari. "Sote tuna kauli moja. Ndiyo maana unaweza kutuamini."

Lo! Sisi wanaotuita washenzi hatuwaachii ndugu peke yao hata maiti, lazima mtani aje awapinge. Seuze akili ya mtu aliye hai!

Masolwa akanitazama, akalitazama tumbo langu. "Nimekosea, mabwana," akasema polepole. "Serikali ni nzuri. Ikae." Mtu ambaye hata mtemi hakuwahi kumnyenyekea! Niliumia, lakini nikashukuru pia, nikidhani yamekwisha.

Wakanong'onezana. Kisha mkubwa wao akasema kwamba mgonjwa anayegeuka ghafla namna hii ndiye wa hatari zaidi. Wakatia sahihi wote watatu, wakaagiza chai.

Mbwa wale! Kumbe jibu la kumwokoa halikuwapo tangu mwanzo.

Askari walipompitisha mlangoni nilimshika mkono. Hakulia.

"Katarina," akaniambia, "kama ni kwenda, bora ningekwenda na neno langu. Sasa wamenichukua mimi na lenyewe."