Rangi ya Vyumba Viwili

Micah Kemboi alipewa ufunguo wa nyumba siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano alikuwa ameanza kuona haya. Nyumba yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa na vyumba viwili katika ghorofa ya juu ya jengo jipya la manispaa, sakafu ya saruji, madirisha yaliyoelekea mlima wa Menengai, na mfereji wa maji uani. Mwaka huo wa 1958 makarani wengi wa stesheni ya Nakuru waliiomba wakaikosa. Lakini Kemboi alizaliwa Keringet, na huko kijana huoa akiwa amejenga. Hukata nguzo mwenyewe, husimamisha fito, huezeka, kisha humwonyesha mkewe mahali pa kuishi. Baba yake alijenga. Kaka zake walijenga. Yeye alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, akapokea ufunguo uliofungwa kwa kamba, basi.

Alitaka kuweka mkono wake mahali fulani katika nyumba hiyo kabla Jelagat hajaingia.

Jelagat, mkewe, aliyezaliwa Keringet pia, alikuwa muuguzi. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani mwezi uliotangulia, lakini matroni hakumruhusu kuhama bweni la wauguzi mpaka apatikane mwingine wa kushika zamu zake. Kuta za vyumba zilikuwa saruji tupu, kwa kuwa manispaa ilimwachia mpangaji kazi ya kuzipaka. Kemboi akaona kwamba hapo ndipo pake. Alinunua debe la rangi ya krimu, kama ile ya ofisi ya stesheni masta, akaazima ngazi kwa jirani, na Jumamosi mchana akavua shati akaanza.

Alikuwa amemaliza nusu ya ukuta mmoja Jelagat alipofika na chakula. Alisimama mlangoni. Hakuweka kikapu chini.

"Ni nani amefariki?" akauliza.

Kemboi aligeuka juu ya ngazi, brashi mkononi, na mara akaelewa alichofanya. Kwao wote wawili, mwanamume hushughulika na mti na mwanamke hushughulika na udongo. Mke ndiye anayekandika kuta. Ndiye anayechagua udongo wa kuzipaka, na ukuta ukishakauka watu husema kwamba sasa nyumba ina mwenyewe. Mwanamume akionekana anapaka ukuta wa nyumba yake, wapita njia humpa pole, kwa sababu ni mwanamume aliyefiwa na mke tu anayefanya hivyo.

Alishuka akajieleza. Hii ilikuwa rangi, si udongo. Isitoshe, mjini mafundi wa rangi walikuwa wanaume. Jelagat hakupinga hata moja. Alijibu tu kwamba fundi hana lawama, kwa kuwa hupaka ukuta wa mtu mwingine. Kisha akampa kikapu akiwa bado nje ya kizingiti, akarudi hospitalini.

Namalwa, jirani mwenye ngazi, alikuwa akianua nguo barazani, na alikuwa amesikia yote.

"Bwana Karani," alisema, "hata kwetu Kimilili tungekuja kukulilia. Lakini kwanza tungekula hicho chakula."

Jumatatu jioni Kemboi alikwenda kwenye lango la bweni akamwomba Jelagat waende dukani pamoja. Jelagat alikubali. Waliingia katika duka la Mhindi mmoja aliyeuza misumari, mabati na rangi, naye akawawekea juu ya kaunta kadi yenye vipande vidogo vya rangi zote alizokuwa nazo.

Kemboi alionyesha haraka. Kijani chini, krimu juu, kwa kuwa kijani kingeficha vumbi la Nakuru. Jelagat akasema kwamba kuta za namna hiyo alizitazama kutwa wodini. Wagonjwa nao walizitazama, na wengine hawakutazama kitu kingine tena. Mwenye duka alikohoa, akaigeuza kadi upande wa pili. Upande huo nao haukumridhisha Jelagat. Akaeleza alichotaka: udongo ambao mama yake aliuchota mtoni Keringet, usio mwekundu, unaokaribia manjano lakini haufiki.

Mwenye duka alisema kwamba mto wa Keringet hakuwa nao, ila alikuwa na rangi ya unga. Alichanganya manjano na hudhurungi kidogo kwa maji ndani ya kikombe, akapaka kipande cha gazeti.

Kemboi hakuipenda. Rangi ilifanana na barabara ya udongo baada ya mvua. Aliwafikiria makarani wenzake wakija kunywa chai Jumapili, wameketi na visahani magotini, wakiambiana njiani wakirudi kwamba Kemboi amepandisha nyumba ya udongo ghorofani. Wazo hilo alilisema wazi, mbele ya mwenye duka.

"Ngoja ikauke," Jelagat alisema.

Walingoja. Mwenye duka alimhudumia mteja wa bawaba. Rangi ilianza kukauka pembezoni, ikapauka polepole kuelekea katikati, mpaka gazeti likawa na rangi ya ngano ya Mau Narok inapokaribia kuvunwa. Kemboi aliinama akalitazama kwa makini. Ilikuwa rangi nzuri. Angefurahi kama ingekuwa mbaya.

"Nyumba hii sikuijenga," alisema kwa sauti ndogo. "Sikukata hata ufito. Ukuta ukiwa wako, mimi niko wapi ndani yake?"

Siku hizo mbili Jelagat alikuwa amedhani kwamba mumewe alitaka kufanana na mabwana wa ofisini. Nguzo hazikumjia akilini hata kidogo. Alitazama rafu za duka, mbao zilizoegemezwa ukutani, kisha akamtazama yeye.

"Milango ni mti," alisema. "Fremu za madirisha ni mti. Rafu za jikoni bado hazipo, na utazitengeneza wewe. Kila kitu cha mti ni chako, Kemboi, na rangi yake sitaiingilia."

"Hata kwa neno?"

"Hata kwa neno."

Mwenye duka aliirudisha kadi mbele ya Kemboi kwa mikono miwili. Kemboi alichagua kwa muda mrefu kuliko mkewe. Mwishowe akachagua buluu.

Jumamosi iliyofuata, matroni akiwa amempata wa kushika zamu zake, Jelagat alifika na sanduku lake la nguo na wauguzi wawili, na Namalwa akaja bila kuitwa, kwa maana ukuta wa mke mpya haupakwi na mtu mmoja. Walianza kwa brashi. Baadaye Jelagat aliona brashi inamchelewesha, akakunja kitambaa, akapaka kwa kuzungusha mkono kama alivyofundishwa na mama yake. Ile nusu ya krimu ilifunikwa kabla ya sehemu nyingine zote. Kemboi alikuwa barazani. Alikuwa ameung'oa mlango akaulaza juu ya masanduku, akausugua kwa msasa mpaka ukawa laini, kisha akaupaka mara mbili. Wapangaji waliopanda ngazi walimsalimu wakapita.

Jioni mlango ulirudishwa mahali pake. Wanawake wakatoka kuuona. Buluu ilikuwa kali. Ilikuwa buluu ile ile ya milango ya kituo cha polisi, na kando ya kuta za rangi ya ngano ilionekana kali zaidi. Namalwa alifungua kinywa. Jelagat akamkanyaga mguu, taratibu.

"Hauna mchirizi hata mmoja," Jelagat alimwambia mumewe, na hiyo ilikuwa kweli.

Akachukua sanduku lake, akaingia. Kemboi alibaki nje kidogo. Aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena kusikiliza jinsi ulivyokaa katika fremu, kisha naye akaingia.