Tarumbeta la Mkono wa Kushoto

Kabla hakujapambazuka nilisikia pete ya mume wangu ikigonga chuma cha kitanda tulichomwekea sebuleni. Mara moja ni maji, mara mbili ni choo. Iligonga mara moja. Nikawasha taa, nikamwinua kichwa na kumnywesha kwa kijiko. Maji mengine yalimtiririkia shingoni kwa upande ule usio na nguvu, nikampangusa. Alinitazama kidogo, kisha akageukia ukuta, kama afanyavyo kila siku tangu apooze. Sasa ni miezi minane.

Mume wangu alipiga tarumbeta kwenye bendi miaka thelathini na minne. Wenzake walimwita Kapteni, kwa sababu wakipotea katikati ya wimbo walimfuata yeye. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, nusu ya mdomo na karibu maneno yote. Yalibaki mawili, "ndiyo" na "siyo", na mara nyingi tulidhani anayachanganya.

Mwanangu mkubwa, anayetuletea dawa kila wiki bila kukumbushwa, aliniambia jikoni, "Mama, usijitese. Baba anapumua, lakini mwenyewe hayumo tena." Nilimkatalia. Lakini wiki iliyopita nilijikuta nikimsimulia jirani jinsi ninavyombadilisha nguo mume wangu, naye amelala palepale, kana kwamba nasema habari za kabati. Jirani alipoondoka nilikaa chini nikaona aibu. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Saa tatu asubuhi akaja mjukuu wetu, binti wa huyo mwanangu. Yeye hutengeneza muziki chumbani kwake, na siku hiyo alibeba vyombo vyake vyote mgongoni.

"Hodi, mke mwenzangu! Mume wetu ameamkaje?"

"Ameamka na uvivu wake. Karibu."

"Leo nakupokonya. Usije ukalia."

Alipanga vitu mezani: kompyuta, spika mbili, na kinanda kifupi ambacho chenyewe hakina sauti, kinategemea kompyuta. Akanieleza kwamba amepata tarumbeta la kuingiza kwenye kompyuta. Mpigaji halisi alirekodiwa nota moja moja, kwa nguvu na kwa upole, na ukibonyeza kinanda, tarumbeta hulia.

"Mkono mmoja unatosha, Bibi. Hata mdomo hauhitajiki."

Nilimtazama mume wangu. Mdomo ndio uliokuwa kazi yake.

Kwanza programu yake ya kurekodia haikuliona hilo tarumbeta. "Limo humuhumu ndani," alisema, "ila nimeliweka folda nyingine. Ni kama mgeni ameshuka, sisi tunamngoja kituo kingine." Akalihamisha, akaiambia programu itafute upya. Ikakwama. Akafunga, akafungua. Kila ilipokwama aligeukia kitandani na kusema, "Nivumilie, Babu, mashine inanitia aibu." Sijui kama alijua mimi nasikia. Kwa miezi minane hakuna aliyemwomba mzee yule radhi kwa kumchelewesha.

Saa tano jina la tarumbeta likatokea kwenye kioo cha kompyuta. Tulimketisha kitini, tukamzungushia mito. Mjukuu akamwekea mkono wa kushoto juu ya kinanda, akauachia. Hakumbonyezea. Tulingoja mpaka chai yangu ikapoa.

Kidole kikabonyeza. Tarumbeta likalia sebuleni mwangu.

Mume wangu alikunja uso. "Siyo."

"Siyo nini, Babu?"

Akabonyeza palepale. "Siyo. Siyo!" Akapiga meza kwa kiganja.

Mwanangu alikuwa ameingia na mfuko wa dawa, amesimama mlangoni. "Mnaona? Mnamtesa bure. Anatamka tu neno alilobakiwa nalo."

Binti aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya nyaya. Mzee akamshika mkono na kuurudisha mezani. Akabonyeza kitufe kilekile cheupe. "Siyo." Akasogeza kidole kushoto kidogo, akabonyeza cheusi. "Ndiyo." Akarudi kwenye cheupe, akakigonga kwa ukucha bila kukibonyeza, huku akimtazama mjukuu wake kama alivyokuwa akiwatazama wapigaji wazembe.

"Mungu wangu," alisema binti. "Do yake iko chini."

"Ongea lugha ya watu," nikamwambia.

"Bibi, ile nota mpiga tarumbeta anayoiita do, kwenye kinanda ni nota nyingine, ya chini zaidi. Mimi nimeliacha lilie kama kinanda. Babu anataka akibonyeza do, aisikie do yake. Hajachanganyikiwa. Mimi ndiye niliyekosea."

Nikaukumbuka ugomvi wa bendi, yeye na mpiga kinanda wakibishana hapahapa sebuleni ni do ya nani iliyo ya kweli.

Binti akazishusha nota zote kwenye kompyuta. Mzee akabonyeza cheupe. "Ndiyo," akasema, na akaanza kupiga.

Alipiga polepole, akikosea na kurudia. Kila alipomaliza kipande aliinua mkono, akavuta pumzi kwa ule mdomo uliopinda, ndipo akaendelea. Mashine haihitaji pumzi. Yeye aliivuta.

Mwanangu akaweka dawa chini, akapiga magoti karibu na kiti. "Baba," alisema, na hakunitazama mimi. "Baba, nisamehe."

Haikudumu. Kwenye kipande cha nne vidole vilikakamaa. Akajaribu tena, vikakataa. Na sauti yenyewe ilikuwa safi mno, ya mtu mwingine mwenye afya yake. Nadhani naye alilisikia hilo. Machozi yakamtoka yakachanganyika na mate, nami nikampangusa. Miezi minane nilikuwa nikiomba awe bado yumo. Sikuwahi kufikiri ingekuwaje kwake kuwamo siku zote hizo, akitusikia.

Mchana binti alikunja nyaya zake, maana vyombo vile ndivyo vya kazi yake. Baba yake akambebea spika. Walipofika mlangoni kiti kililia nyuma yetu. Mzee alikuwa anajisukuma mbele, mito ikianguka, mdomo ukihangaika na neno ambalo hatukuwa tumelisikia tangu apooze.

"U... uje."

"Nini, Babu?"

"Uje," alisema mume wangu, jasho likimtoka. "Uje tena."