Upana wa Kiganja

“Umelipiga teke makusudi!”

“Makusudi? Nani anapika njiani, Mama Fosuaa?”

“Njiani kwa nani? Jiko langu liko hapa tangu ukinyonya, Ntim!”

Nusu ya kijiji cha Bonwire ilishajaa uani. Ugomvi wa Mama Fosuaa hauna kiingilio. Ntim mfumaji, supu ya njugu ikimchuruzika mguuni, alimlaumu kila aliyekuwapo. Moyoni alijua. Wiki hiyo alikwishagonga mbuzi, nguzo na mama mkwe.

“Wewe huoni,” Mama Fosuaa akasema.

“Sioni? Kakague kente niliyofuma leo. Ukipata uzi uliokosea, nitautafuna!”

Kweli usingepatikana. Kitambaa cha kente hufumwa ukanda kwa ukanda, upana wa kiganja, na ukanda huo Ntim aliuona kama mwewe. Dunia ya pembeni ndiyo iliyomtoroka.

“Fundi miwani wa Kumasi kanisomesha herufi zote, kasema mzima!”

“Yule si anachonga vioo? Goti likiuma utakwenda kwa fundi viatu?”

Watu wakacheka. Ntim akazidi kupandwa na hasira.

“Basi nilikwenda na kwa mpima macho! Kasema presha ya jicho imepanda, inanila kutoka pembeni, na miwani haisaidii. Kanituma kwa daktari bingwa, yule anayepasua.”

Kicheko kikakatika. Hilo hakutaka kulitoa.

“Alikutuma lini?” Mama Fosuaa akauliza.

“Kabla ya mvua.”

Na mvua zilishapita, naye hajaenda. Ntim akawa anabadilisha mguu huu na huu, kama aliyekanyaga siafu. Maneno ya mpimaji hayakumpa usingizi: kilichopotea hakirudi, wahi kilichobaki.

“Abrefa wa hapa kijijini alipasuliwa jicho,” akanong’ona. “Karudi kipofu.”

“Abrefa alidungwa sindano ya jicho na yule mzururaji wa sokoni, mwenye kibegi! Huyo naye daktari? Bingwa atakuangalia kwanza; pengine akupe matone tu.”

“Na akisema kisu?”

“Utapiga kelele, mimi nikusute. Unataka nini zaidi?”

Ntim akageuka kumtafuta. Sauti ilikuwa kushoto kwake, na kushoto hakukuwa na kitu. Akageuza shingo yote ndipo akamwona, karibu kiasi cha kumgusa.

“Kesho utanisindikiza, mama?”

“Gari la kwanza. Nanyi mnatazama nini, tawanyikeni! Ntim, ugali wa fufu haukumwagika, na supu nyingine ipo ndani. Nawa mikono, ingia tule.”