Baba Mwenye Wino Kichwani

Tangu mume wangu Vedasto apatwe na kiharusi, neno lililombakia lilikuwa moja: ndiyo. Muulize kama ana njaa, ndiyo. Mwambie hata uongo, kwamba theluji imefika dirishani kwetu, ghorofa ya tatu hapa New Hope ughaibuni, ndiyo, tena na tabasamu, maana ni mtu wa adabu toka ujana wake. Tukicheka mezani naye hucheka, ila nyuma yetu kidogo, kama mgeni. Nilichotaka kujua ni kimoja: anatuelewa, au anatuheshimu tu?

Nkatha, binti wa Kimeru anayekuja kumfundisha kusema, akaleta karatasi.

"Mama Generosa, hivi ni vibonzo vya magazeti ya kitambo sana, zaidi ya miaka mia. Nime-print kwa ofisi. Wacha tuone kama atashika mchezo."

Zilikuwa picha tatu kwenye mstari. Ya kwanza, mke kavaa kofia ya manyoya, anatoka. Ya pili, baba mwenye kipara anaongea na mkewe aliye nje kupitia dirisha, na nyuma yake mtoto kapanda juu ya kabati, anammiminia wino kichwani. Mchoraji hakusahau hata paka chini ya kiti, mkia nje. Ya tatu, mtoto kalala fofofo kwenye kapu la nguo, baba anafuta sakafu kwa tai yake.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, ndani ya viputo vinavyotoka midomoni. Binti yangu Generosa akayaandika kwa Kiswahili kwenye vikaratasi vya kunata, kisha akaenda chumbani kupokea simu ya kazini. Nikavibandika mwenyewe kwa kukisia, maana Kiingereza sikijui. "Mlaze mtoto, narudi sasa hivi," kwa mke. "Usiwe na wasiwasi, kalala zamani!" nikakiweka penye mtoto aliyelala. "Mungu wangu, nimefanywaje!" kikaenda kwenye picha ya wino. Nikasoma yote kwa sauti, polepole.

Vedasto hakucheka. Wala hakusema ndiyo.

"Kuna nini tena?" nikauliza. "Mbona kila neno limekaa na picha yake."

Nkatha akanipa ishara ya jicho nisubiri. Mkono wa kushoto wa mzee, ule mzima, ukatambaa mezani. Akabandua "kalala zamani," akakibandika kwenye picha ya dirisha, kwa baba anayechuruzika wino. Kile cha "Mungu wangu" akakipeleka picha ya tatu, kwa baba anayefuta sakafu. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani kazidiwa. Kumbe kicheko! Kilitoka upande mmoja wa mdomo, na udenda juu yake, na kilitoka kabla yetu sisi.

Ndipo nikatazama vizuri. Baba anasema mtoto kalala, na mtoto huyo hapo juu yake na chupa! Nikacheka mpaka nikashika meza.

"Generosa! Njoo umwone baba yako!"

Akatoka mbio, simu sikioni. "Kaanguka?"

"Hajaanguka. Ananisahihisha!"

Akasoma, akamgeukia. "Baba, huyu si wewe? Siku ile kaka Felician alipokula sabuni, hukumwambia Mama kalala?"

Vedasto akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mzee, kumbe wewe mjanja hivi!" Nkatha akasema.

Nikamfuta kidevu kwa ncha ya khanga. Yeye hana habari nami. Anagonga karatasi kwa kidole, anataka kibonzo kingine.