Kifuniko cha Propela

Kabla ya kufungua krosi, fundi alilazimika kwanza kulitoa shati. Mkono wa shati ulikuwa umejiviringisha kwenye propela ya mashine ya kupukuchua mahindi, ukajikaza, ukagandamana na grisi na damu hata ukawa mgumu kama kamba. Alilala chali chini ya mashine, akaukata kwa kisu, kipande baada ya kipande. Kitambaa kilikuwa cha mistari ya buluu. Alikijua. Kifungo cha mkononi kilikuwa cheusi, tofauti na vingine, kwa sababu dada yake hakupata cheupe, na mumewe alipenda kuwatania watu kwamba hicho ni kifungo cha sikukuu.

Vipande vyote alivichoma pamoja na matambara ya oili. Mwenye shati, shemeji yake, alikuwa amelazwa hospitalini, mkono wa kulia umekatwa juu ya kiwiko.

Propela ni chuma kirefu kinachochukua nguvu ya trekta na kuipeleka kwenye mashine. Huzunguka kwa kasi ambayo jicho haliifuati, na huku na huku kimeungwa kwa krosi, kiungo cha chuma chenye umbo la msalaba, ili kiweze kujipinda. Kwa kawaida huvikwa kifuniko. Cha mashine hii kilikuwa kimeoza na kuanguka misimu mingi nyuma, na hakuna aliyekiulizia ila fundi. Mavuno yalipoanza, pini ya kushikilia krosi ilikatika. Fundi akaenda ofisini kuomba pini, krosi mpya, na bati la kifuniko.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Wafanyakazi walimwita Bwana Pole, kwa siri, maana hata alipomnyima mtu kitu alimnyima kwa sauti ya msibani. Alimpa fundi pole ya kazi, akamwambia msimu huu wajibane, atumie alicho nacho.

Alichokuwa nacho ni boliti moja ndefu. Akaitia. Kichwa chake kilitokeza nje kama kidole, na kila propela ilipozunguka kidole kile kilikuwa kinatafuta cha kushika. Fundi alimwambia shemeji yake akae mbali nacho. Basi, ni hayo tu aliyomwambia. Na yeye ndiye aliyemwombea kibarua pale, akamhakikishia dada yake kwamba mumewe atakuwa karibu yake, hatapatwa na neno.

Sasa krosi mpya ilikuwa imefika, na pini yake, vyote vimo kwenye karatasi za dukani. Fundi alikuwa akipachika pini wakati Meneja alipoingia bandani. Hakusimama kama kawaida yake. Alichutama, suruali yake safi ikigusa vumbi, wakawa macho kwa macho.

"Mkaguzi wa kazi anakuja kesho mchana," alisema. "Ataulizia kifuniko."

"Hakipo, mzee."

"Kitakuwepo. Bati liko stoo, chagua zuri."

Kisha akaeleza, taratibu, jinsi mambo yalivyokuwa. Kifuniko kilikuwepo siku zote. Kijana alikivua mwenyewe ili kazi iende haraka, na fundi alishamkanya mara kadhaa. Kila mtu anajua vijana walivyo na pupa.

Fundi alifuta mikono kwa tambara, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hakuvua kitu, mzee. Hakukuwa na cha kuvua."

Meneja hakukasirika. Macho yake yalitembea juu ya gunia lililowekewa vyuma vilivyotolewa kwenye mashine, yakatua kwenye ile boliti. Aliiokota, akaifuta kwa leso yake.

"Hii aliitia nani?"

Fundi aliirudia pini, akaigonga ikaingia.

"Mimi sitaki kukuona unafungwa, fundi. Dada yako sasa anakutegemea wewe. Na wewe ukikosekana, wale watoto watamtazama nani? Funika kombe mwanaharamu apite." Akainuka, akakung'uta magoti, akampa pole kwa yaliyomfika shemeji yake. Alipoondoka, boliti ilikuwa mfukoni mwake.

Kesho yake alfajiri fundi alikata bati. Alilikunja kwenye bomba mpaka likawa duara, akachomelea mshono, akatengeneza vishikizo vya mnyororo ili kifuniko kisizunguke na chuma. Mikono yake iliipenda kazi ile. Wakati mmoja alijikuta anapiga mluzi, akaukatiza katikati. Jua lilikuwa halijafika utosini alipokivalisha propela, kikakaa kama ngozi. Asubuhi moja tu. Kazi nzima ilikuwa ya asubuhi moja.

Lakini kiling'aa. Mshono ulikuwa bado wa buluu kwa moto, na hata mtoto angejua kwamba kimezaliwa leo. Kwa hiyo alichukua nyundo akakibonyeza hapa na pale. Alikikwaruza kwa msasa, akakipaka grisi chafu, akaokota vumbi kwa viganja na kulimwagia juu, akilisugua liingie kwenye mshono. Tangu aanze ufundi alikuwa hajawahi kuzeesha kitu kwa makusudi. Vibarua waliokuwa wakibeba magunia walimwona. Walipita bila kumsalimu, wakitazama miguu yao, naye akatazama ya kwake.

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, viatu vimeliwa upande mmoja. Aligongagonga kifuniko kwa kalamu, akamuuliza fundi kama siku ya ajali kilikuwepo. Fundi akasema kilikuwepo. Akamuuliza ni nani aliyekivua.

"Yeye mwenyewe."

"Una hakika, baba?"

Meneja alikuwa nyuma ya mkaguzi, mkono mfukoni.

"Nina hakika."

Mama yule alimtazama kidogo, kama mtu anayengoja bei ishuke, kisha akaandika. Baadaye walielekea ofisini kunywa chai, na mashine ikawashwa.

Jumapili fundi alikwenda hospitalini. Dada yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji. Alimwamkia kaka yake kwa heshima kama siku zote, akamsimulia kwamba Meneja amemtuma mtu kuwaeleza kuwa fidia haitakuwepo, kosa limeonekana kuwa la mgonjwa. Ila kwa huruma ya Meneja, yeye dada atapewa kazi ya kufagia ghala. Alijua ni kaka ndiye aliyemsemea, akasema Mungu amlipe. Kisha akamwachia bakuli, akaenda kumtafuta muuguzi, kwani bandeji ilikuwa imelowa.

Shemeji alikuwa amekonda usoni. Alijaribu kutabasamu, akasema sasa kwenye harusi za watu atapiga makofi kwa shavu. Fundi hakuweza kucheka. Mgonjwa akaitazama dari.

"Shemeji," alisema mwishowe, "nimekuwa nikijaribu kukumbuka. Kile kifuniko. Kila nikiwaza naiona propela iko wazi, kama ilivyokuwa siku zote. Lakini kichwa changu si kizima, hizi dawa zinanichanganya. Wameniambia wewe umesema nilikivua."

Fundi alikuwa ameshika kijiko. Alikoroga uji.

"Wewe ndiye fundi," shemeji aliendelea. "Mashine unaijua. Huwezi kunisingizia mimi, mume wa dada yako. Kama umesema nilikivua, basi nilikivua. Niombee radhi kwa Meneja. Na wewe pia nisamehe, nimekutia aibu kazini."

Uji ulikuwa unapoa, ukifanya utando juu. Shemeji akajivuta juu ya mto kwa mkono uliobaki, akafungua kinywa, akangoja alishwe.