Safu ya Makovu

"Tembea hadi mlangoni, kisha urudi," Aidarus alisema.

Mtu aliyesimama mbele ya meza akatembea. Alikuwa wa tisa tangu asubuhi. Aidarus hakumtazama usoni, alitazama mabega, akaona kwamba bega la kulia hutangulia kidogo, kama la mtu aliyezoea kupita milango myembamba akiwa na mzigo. Akaandika. Kisha akamuuliza jina la mama yake. Jina lenyewe halikumshughulisha. Alitaka kuona mikono hufanya nini mwenyewe anapofikiri. Mikono ya huyu ilitulia, ila ncha ya ulimi ilichungulia pembeni mwa mdomo. Akaandika hilo pia.

Ofisi ya wapagazi ilikuwa nyuma ya forodha, chumba kimoja cha mawe chenye madirisha mawili. Kila aliyetia dole gumba kwenye mkataba wa kubeba mizigo ya bara aliandikwa daftarini pamoja na alama zake, ili akitoroka atafutwe. Daftari lilikuwa na safu mbili za alama: Makovu na Mengineyo. Karani wa zamani alijaza ile ya kwanza tu. Kovu gotini, kovu pajani, kovu gotini. Nusu ya wanaume wa pwani wana kovu gotini, na katika miaka yake hakuna mtoro aliyerudishwa.

Aidarus aliijaza ya pili. Alikuwa mtoto wa mshona viatu wa mtaa wa Kuze, na tangu udogo aliweza kumtaja mpita njia kwa mlio wa ndara zake kabla hajatokeza kwenye kona. Herufi za Kizungu alijifunza mwenyewe, kwa kusoma maandishi ya masanduku yaliyoshushwa forodhani. Aliamini kwamba kovu ni jambo lililompata mtu, lakini namna ya mtu ndiye mtu mwenyewe. Mtu haiachi nyumbani hata akitoroka. Tangu aanze kazi walitoroka kumi na mmoja, na tisa walirudishwa. Bwana mkandarasi alimwita jicho lake. Yaliyowapata wale tisa ndani ya bohari, walikofungiwa, Aidarus hakuwahi kwenda kuyaona. Njia yake ya kurudi nyumbani ilipita lango la mbele.

Wa kumi alikuwa amesimama mbele ya meza alipotokea mama mmoja mlangoni, mwanamke wa Kigiriama, vumbi la njia likiwa limempanda hadi magotini.

"Hodi hapa."

"Mama, makuti yanauzwa huko sokoni," alisema Benard, mnyapara, aliyekuwa ameegemea kizingiti. Alikuwa mtu wa bara, amesoma misheni, na alipenda kuwachekesha wanaosubiri.

"Sikuja kuuza. Nimeambiwa mwanangu yuko hapa."

"Wana wa watu wako wengi hapa. Chagua."

Waliopanga mstari wakacheka. Aidarus hakucheka. "Karibu, mama," alisema. "Unamtafuta nani?"

Mama akapangusa mdomo wa juu kwa mgongo wa mkono wa kushoto, kisha akagonga kisigino chini mara mbili.

"Kenga," akasema.

Kalamu ya Aidarus ikasimama.

Jana yake, saa kama hiyo, Benard alikuwa amemwingiza mtu aliyekamatwa Makupa akiwa na mzigo wa makuti kichwani. "Sharifu, nimekuletea Charo wako," alimwambia Aidarus. Yule mtu alikataa. Alisema yeye ni Kenga, Charo ni kaka yake, na hajawahi kutia dole kwenye karatasi ya mtu yeyote. "Kila anayekamatwa ana kaka," Benard alijibu. Ndipo Aidarus akafungua daftari mahali pa Charo wa Mwaringa, aliyetoroka miezi mitano nyuma. Safu ya Makovu ilikuwa tupu. Katika Mengineyo, kwa mwandiko wake mzuri wa mshazari, ilisomeka: Kabla ya kutaja jina la mtu hupangusa mdomo wa juu kwa mgongo wa mkono wa kushoto, kisha hugonga kisigino mara mbili.

"Mama yako anaitwa nani?" alimuuliza yule mtu.

Mtu akapangusa mdomo, akagonga kisigino mara mbili. "Mbeyu."

Aidarus alihisi furaha ndogo, safi, kama ya fundi anayesikia kitasa kimekubali ufunguo. "Ndiye," alisema, na wakampeleka bohari.

Sasa aliiweka kalamu chini. "Mama, wewe ndiwe Mbeyu?"

"Ndimi."

"Hivi ulivyofanya kabla ya kumtaja Kenga. Nani mwingine hufanya hivyo?"

"Nimefanya nini?"

Akalazimika kuinuka na kuonyesha, mbele ya watu, mkono mdomoni na kisigino sakafuni. Mbeyu akamtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Hiyo ni ya baba yao, mwanangu. Yeye alikuwa hivyo. Watoto wote watano wakatoka nayo, na mimi ikanishika kwa kukaa nao. Huko kwetu hutucheka. Husema nyumba ya Mwaringa haiwezi kutajana bila ngoma."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Charo na Kenga wanafanana?"

"Hata mimi kwa mbali huwakosea. Lakini Charo ana kovu la shoka hapa." Akainama akashika muundi wa mguu wa kulia. "Refu kama kidole. Alijikata akipasua kuni. Kenga hana kitu. Mtazame tu, utaona mguu safi."

Aidarus akaangalia daftari, ile safu aliyoiacha tupu. Alijaribu kuikumbuka miguu ya Charo, akashindwa. Siku ile hakutazama chini ya goti. Alipokiona kile kisigino kinagonga alikuwa amekwisha ridhika, na kovu refu kama kidole lilisimama mbele ya meza yake likaondoka bila kuandikwa. Karani wa zamani, ambaye Aidarus alikuwa akimdharau, angeliona kabla ya jambo lingine lolote.

"Gari la moshi linaondoka lini na hawa?" Mbeyu aliuliza.

"Kesho, saa moja asubuhi," Benard alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa.

Aidarus alichovya kalamu. Katika safu ya Makovu, mbele ya jina la Charo, akaandika: Kovu la shoka, muundi wa mguu wa kulia, refu kama kidole. Lilikuwa la kweli, lakini hakuwa ameliona kwa macho yake, na hakuwahi kuandika jambo la namna hiyo. Akalibeba daftari hadi chumba cha ndani.

Bwana mkandarasi alikuwa anakula embe kwa kisu. Alisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, kisha akavuta daftari karibu. Akaweka dole gumba juu ya maandishi na kuliburuta. Wino ukalifuata.

"Tangu lini wewe unaandika makovu?"

"Leo, bwana. Nimeambiwa na mama yao. Aliye bohari ni Kenga. Mtazame mguu, ni mguu safi."

"Sina shaka mguu ni safi. Jana kitabu chako hakikusema habari ya mguu." Akafuta kidole kwenye ganda la embe. "Nafasi ya Charo iko kwenye msafara, na ndani yake yumo mtu. Wewe ulisema ndiye."

"Nilikosea."

"Wewe hukosei, Aidarus. Kila mtu hapa anajua hivyo." Alimtazama kwa upole. "Na kama kwa huyu ulikosea, niambie. Kati ya wale tisa, ulikosea kwa wangapi?"

Aidarus aliwapitisha akilini mmoja mmoja: aliyekuwa akivuta sikio, aliyehesabu vidole akisikiliza, aliyekohoa kabla ya kusema ndiyo. Kila mmoja alikuwa na baba na ndugu mahali fulani. Na kila mmoja, sasa alikumbuka, alikuwa amekana.

"Sijui, bwana."

"Basi usiniletee usichokijua." Akapiga mstari mmoja juu ya kovu la Charo, ulionyooka vizuri, na kumrudishia daftari.

Aliporudi, Mbeyu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango. Alimtazama usoni mara moja, akaacha kuuliza lile alilotaka kuuliza.

"Watapita mlango gani kwenda garini?"

"Lango la bohari. Lile la upande wa pili."

"Nitakuwa hapo."

Benard hakumfukuza. "Endelea, Sharifu," alisema kwa sauti ya chini. "Wamebaki ishirini na mmoja."

Wa kumi alikuwa bado amesimama palepale. Aidarus akamwambia apandishe shuka. Miundi yote miwili ilikuwa na makovu, madogo, mengi, ya miiba na ya majipu, na hakujua aanze na lipi. Alipoinua kichwa, yule mtu alikuwa anavialisha vidole vyake hadi vilie, kimoja baada ya kingine, akianzia na kile kidogo na kukiruka cha kati. Aidarus hakutaka kuliona hilo. Alikuwa ameshaliona.

Akashika kalamu juu ya safu ya Mengineyo mpaka tone la wino likadondoka, kisha akaiweka chini.

"Baba yako naye huruka cha kati?" aliuliza.

Mtu akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Sikumjua baba yangu, bwana."

Msikitini waliadhini alasiri. Aidarus akaandika jina la yule mtu, akaziacha safu zote mbili tupu, akaliacha daftari wazi wino ukauke.

"Nendeni," akawaambia waliobaki. "Mje kesho."